Alichosema Mama

Shati lilikuwa la Dramadri. Pasi ilikuwa ya Poni, makaa alinunua Poni, na mkono uliokuwa ukiisukuma pasi huku na huku ulikuwa wa Poni. Lakini aliyengoja kulivaa shati hilo ni Adriko, mdogo wake Dramadri, aliyesimama mlangoni kifua wazi, akipiga mswaki kwa kijiti na kuimba wimbo wa kanisani. Kule kuimba kulimkera Poni kuliko shati lenyewe.

"Shemeji, kola iko sawa?" Adriko akauliza.

"Kola iko sawa. Shingo yako ndio sijui. Na huko hospitali ya Kuluva si watapiga kifua yako picha? Shati utavua."

"Nitavua mbele ya watu. Wataona kola kwanza."

Akacheka peke yake. Siku hizo kila kitu kilimchekesha, kwa sababu alikuwa anashinda. Poni alimwangalia meno yale meupe na kutamani pasi imponyoke, iache alama ya moto katikati ya mgongo wa shati. Haikumponyoka. Alilikunja vizuri akampa, maana Dramadri alikuwa uani anasikia.

Mwaka huo wa sabini na nane, kazi Arua zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Maduka makubwa ya barabarani yalikuwa na rafu tupu, sukari ilinunuliwa kwa kunong'ona, na sabuni ilivuka mpaka kutoka Kongo ikiwa imefichwa chini ya mihogo. Ndipo Kampuni ya Tumbaku ya Nile Juu ikatangaza kwamba inafungua kituo cha kununulia majani huko Koboko, na inataka mtunza stoo. Mmoja tu. Nyumba ya bati bure, mshahara kila mwezi, na kofia yenye alama ya Kampuni. Watu walijaa katika uwanja wa ofisi kama siku ya mnada. Walimu walikuja, makarani waliopoteza kazi walikuja, hata katekista mmoja wa Logiri alikuja, akadai anamsindikiza mtu.

Poni alikuwa Mkakwa, binti wa Koboko. Aliolewa na Mlugbara huyu wa Ediofe, na kwa kuwa mwanzoni hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, nyumba yao iliendeshwa kwa Kiswahili, mpaka Kilugbara nacho alipokizoea jikoni kwa mama mkwe. Tangazo lile lilipotoka, aliona mbingu zimefunguka. Dramadri aliwahi kutunza stoo ya pamba, nani angemshinda? Kabla hata ya mtihani wa kwanza, Poni alikwisha tuma salamu kwao kwa mdomo wa wachuuzi wa basi: tunakuja, mume wangu ndiye bwana stoo. Dada zake wawili walikuwa wameolewa na wanajeshi, na walipenda kumcheka kwa kuchukua mtu wa jembe. Hao walipelekewa salamu hizo hizo, tena kwa mkazo.

Dramadri aliangushwa siku ya kwanza. Mtihani ulikuwa wa hesabu na imla, na msimamizi, kijana wa Kampala mwenye viatu vya visigino virefu, alimnyang'anya karatasi kabla hajamaliza, akamwambia mbele ya ukumbi mzima, "Mzee, pisha vijana." Dramadri hakuwa amefika hata miaka arobaini. Alirudi nyumbani akalisimulia jambo hilo kama kichekesho, akiigiza mpaka mwendo wa viatu vile. Mama yake alicheka, na Adriko akacheka hadi akashika mbavu. Poni aliondoka, akaenda kuchambua mboga ambazo alikwisha kuzichambua.

Adriko alipita, na akaendelea kupita. Waliitwa tena, wakafungwa macho na kunusishwa majani ya tumbaku waseme lipi limekauka na lipi linataka kuoza. Waliitwa tena, wakabebeshwa marobota juani huku mganga akiwapima mapigo ya moyo. Waliitwa tena, wakakalishwa mbele ya mabwana wenye miwani na kuulizwa wangefanya nini wakimkuta mkubwa wao anaiba. Adriko alijibu kwamba angekohoa kwanza. Mabwana walicheka sana, wakamwita tena.

"Kazi ya kufungua mlango na kufunga," Dramadri alisema, "na wao nataka kama wewe naoa binti ya chifu!" Lakini alisema kwa furaha, na kila jioni alikaa na mdogo wake wakipigana na hesabu za mizani.

Siku moja Poni alishindwa kuvumilia. "Wewe hauna roho?" alimwuliza mumewe walipokuwa wakimenya mihogo. "Mdogo yako nachukua kazi yako, na wewe nafundisha yeye!"

"Kazi yangu gani? Mimi nilianguka."

"Walikuangusha."

"Nilianguka, Poni. Na yeye akipita, si ni nyumba moja?"

"Nyumba moja! Ile nyumba ya bati itakuwa ya nani? Ya Adriko na msichana yake. Mimi nitapita pale nje nasema nini kwa mama yangu?"

Dramadri akaokota muhogo mwingine. Utulivu wake ndio uliomkausha Poni roho. Mume alikuwa hana wivu hata wa dawa, basi yeye akauona kwa niaba ya wawili. Aliuona asubuhi akimwagia Adriko uji, aliuona kanisani watu walipomshika Adriko mkono na kumwita bwana stoo, jina ambalo Poni alilitengeneza mwenyewe kwa ajili ya mtu mwingine. Ulikuwa wivu mtupu, na alijua ni wivu, na kujua hakukumsaidia kitu.

*

Adriko alipokwisha kuondoka na kola yake kwenda Kuluva, na Dramadri kwenda shambani, gari la Kampuni likaingia uani. Hakuna aliyekuwa ameambiwa. Dereva, mtu wa Moyo aitwaye Lino, alibaki kwenye usukani akachomoa sigara. Aliyeshuka ni mwanamke mnene kiasi, nywele zimechanwa juu, mkoba mkononi.

"Mimi naitwa Nora," alisema. "Natoka ofisi kubwa, Kampala. Hapa ni kwa Adriko?"

"Ni hapa, Madam. Lakini yeye iko Kuluva, kwa picha."

"Najua. Sisi ndio tulimtuma." Akatabasamu. "Stoo ina mali ya watu. Hatumpi mtu ufunguo mpaka tusikie watu wa nyumba yake, na yeye akiwa mbali. Wamebaki wawili tu. Mama yake yuko?"

Wawili! Poni alihisi damu ikipanda masikioni. Aliingia ndani kumwita mama mkwe, na njiani akakumbuka kwamba mama huyo, Ocokoru, hakujua Kiswahili zaidi ya salamu na bei ya chumvi.

Mgeni hakuwa na njia ya kujua desturi ya nyumba ile. Kwa Ocokoru, na kwa wazee wengi wa rika lake, kumsifu mtoto wako mbele ya mgeni ilikuwa sawa na kumvua nguo barabarani. Macho ya watu yana njaa. Ukiwaonyesha kizuri watakila. Kwa hiyo anayempenda mwanawe humponda. Mtoto mnene ataitwa kijiti, mwenye akili ataitwa zuzu, na jinsi mapenzi yanavyozidi ndivyo matusi yanavyonoga. Poni aliijua desturi hiyo vizuri. Alipojifungua kitinda mimba wake, Ayikoru, alisema mbele ya majirani kwamba mtoto ni mzuri, na Ocokoru akamziba mdomo kwa kiganja, akawaambia wale wanawake kwamba haka katoto kana uso kama kisigino.

Ocokoru alitoka, akafuta kiti kwa upande wa kitenge chake, akamkalisha mgeni. Mwenyewe akakaa chini kwenye mkeka. Alikuwa amejua mara moja gari lile ni la nini.

"Mwulize mama, mtoto wake ni mtu wa namna gani," Nora alimwambia Poni.

Poni akauliza. Ocokoru akatema mate pembeni na kuanza, kwa Kilugbara, kwa sauti ya mtu anayeimba.

"Huyo? Huyo naye ni mtu? Ni mvivu. Analala mpaka jua limchome mgongo. Nikimpa mbuzi awachunge, mbuzi ndio watamchunga yeye."

Macho ya mama yalikuwa yanang'aa. Mtoto yeyote wa Ediofe angeyaona na kuelewa kwamba mama huyu yuko tayari kufa kwa ajili ya mwanawe. Nora alikuwa ameinama anatafuta kalamu.

"Anasema," Poni alianza. Sentensi moja tu ilihitajika. Madam, kwetu hapa mama hasifu mtoto. Sentensi yenyewe alikuwa nayo, imekaa tayari. Kisha akaiona ile nyumba ya bati, na Adriko mlangoni na kofia, na dada zake wakipita wakicheka. "Anasema, yeye iko mvivu. Analala mpaka jua kali. Mbuzi nachunga yeye, si yeye nachunga mbuzi."

Nora akainua uso. "Mama amesema hivyo?"

"Hivyo hivyo, Madam. Mimi siongezi."

"Mwulize, anaweza kutunza ufunguo?"

"Ufunguo!" Ocokoru alipiga makofi. "Hata kichwa chake angekipoteza kama hakingefungwa na shingo. Na mkono wake mwepesi, karanga zangu zote anazimaliza yeye."

Poni akafasiri. Alifasiri vizuri mno, neno kwa neno, hata karanga hakuziacha, na kadiri alivyoendelea ndivyo moyo wake ulivyotulia. Uongo hakusema. Kama angeulizwa mbele ya padri, angeapa. Ilikuwa tamu, na utamu ule ulimtisha, lakini hakuuacha.

Nora alifunga kalamu. Alimwangalia Poni kwa muda, kama mtu anayempa mwenzake nafasi. "Na wewe? Unaishi naye. Wewe unasema nini?"

Kuku alipita kati yao. Ocokoru alikuwa akimtazama mkaza mwanawe kwa tumaini kubwa, maana mke wa kaka, ambaye si damu, aliruhusiwa kusema jema kidogo. Desturi yenyewe ilimwachia mlango huo.

"Mimi ni mke ya kaka yake tu, Madam," Poni alisema. "Mama ndio alizaa yeye. Mama najua."

Gari lilipoondoka Ocokoru alimshika mkono. "Nimemtukana vya kutosha?"

"Vya kutosha, mama."

"Basi ameipata," akasema bibi, na akaingia ndani akilia kwa furaha.

*

Kazi alipewa Théodore, mtoto wa Mama Monique, muuza vitenge aliyehamia kutoka upande wa Kongo. Adriko aliambiwa kwenye ngazi za ofisi, mbele ya watu, na yule kijana wa viatu virefu. Akarudi akavua shati la kaka yake, akalikunja kama alivyopewa, akalirudisha.

Siku chache baadaye Lino alipitia kwao, maana alikuwa mtu mwema na jambo lile lilimkaa rohoni. Alikaa na ndugu wawili uani. Poni alikuwa jikoni, na jiko lile halikuwa na mlango.

"Mimi nilishangaa," Lino alisema. "Adriko alikuwa namba moja kwa yote. Kwa Mama Monique tulifika, yeye nasema, Madam, huyu mutoto ni malaika, hata mbu hapigi. Akatoa picha ya komunyo, akatoa mandazi. Halafu huku kwenu, mama yake mwenyewe namwaga unga! Mvivu, mwizi ya karanga. Madam alisikitika, lakini afanye nini?"

Adriko akacheka kicheko kifupi ambacho hakikufanana na vicheko vyake. "Mama alisema kama mama wote nasema. Nani alifasiri?"

Lino alielekeza kidevu jikoni.

Adriko alikuja akasimama pale penye nafasi ya mlango. Hakupandisha sauti. "Shemeji. Ulisema nini kwa yule Madam?"

"Kile mama alisema."

"Haukuongeza?"

"Hata moja."

"Na haukumwambia kwetu iko namna gani?"

Poni aliendelea kukoroga. Chungu kilikuwa na maji tu, mboga hajatia.

"Afadhali ungeongeza," Adriko alisema. "Mutu akiongeza uongo, mimi naweza kupigana. Sasa hii nitapigana na nini?"

Asubuhi yake alipanda basi kwenda Koboko. Alimwambia kaka yake anakwenda kumwona mkubwa wa kituo, labda kuna kazi ya ulinzi. Jumamosi ilipita hajarudi, na Ocokoru akaacha kula.

*

Dramadri na Poni walimfuata. Hivyo ndivyo Poni alivyorudi kwao, na kanga iliyofifia, na mume aliyekuwa akiuliza watu njiani kama wamemwona kijana mrefu. Kituo cha Kampuni kilikuwa kando ya barabara, bati lake jipya likiumiza macho. Théodore alitoka na kofia. Alikuwa kijana mpole, akawaletea maji.

"Alikuja hapa," alisema. "Mukubwa hakuwa. Pale sokoni malori ya jeshi yalikuwa yanachukua vijana. Mimi nilimwambia, ngoja, nitakuombea kazi ya mulinzi. Akasema amechoka mitihani."

Dada mkubwa wa Poni ndiye aliyewamalizia habari. Mumewe alikuwa ameshuhudia. "Walimwuliza jina," alisema, "wakaangalia meno, wakamwambia panda. Kwisha. Wamekwenda kusini, huko kwenye vita." Kisha akamtazama Dramadri kuanzia viatu, taratibu, mpaka kichwani. "Kumbe huyu ndio bwana stoo? Karibu, shemeji. Tulisikia mnakuja."

Poni alitamani ardhi impasukie. Mama yake alimkumbatia asimwulize kitu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Ndani ya basi la kurudi Dramadri aliangalia dirishani mpaka walipokaribia Arua. Ndipo aliposema, bila ukali, "Ile nyumba iko na vyumba vitatu. Adriko alikwisha niambia. Yeye hawezi kukaa peke yake. Alitaka sisi wote twende Koboko, wewe ukae karibu na mama yako. Alisema usiambiwe kwanza, atakuambia mwenyewe na ufunguo mkononi."

Poni hakulia. Alikuwa na hasira kwanza, hasira ya kijinga, kwamba hata hilo Adriko alikuwa amemzidi. Machozi yalikuja baadaye, na Dramadri hakuyafuta.

*

Ocokoru aliambiwa yote na mwanawe mkubwa. Hakufoka, wala hakumfukuza mkaza mwanawe. Wiki nzima alikula kidogo alicholetewa na kusema asante, na Poni akaanza kuamini kwamba labda bibi amemwachia Mungu.

Jumapili walikwenda misa. Watu walipotoka kanisani, wanawake wa Ediofe walisimama uwanjani kama kawaida, wakipeana habari na kubeba watoto. Ocokoru aliomba apewe Ayikoru. Poni akampa, akashukuru moyoni, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu waliporudi kutoka Koboko bibi huyo amtake mjukuu wake. Bibi alimweka mtoto begani. Kisha akamwinua juu kwa mikono yote miwili, pale wote wanapoweza kuona.

"Mtazameni!" akasema kwa Kilugbara, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wanaume. "Mtoto mzuri namna hii mmemwona wapi? Mnene. Ana afya. Hajaugua hata siku moja. Nani hapa ana mtoto kama huyu wa Poni?"

Mwanamke mmoja alivuta kitenge akamfunika mwanawe uso. Mwingine akasema polepole, "Ocokoru, we Ocokoru, acha."

"Niache nini? Na mama yake je? Ana akili, ana lugha nyingi, hasemi uongo hata mmoja. Ukimwambia neno, analifikisha zima zima. Mtazameni vizuri, yeye na watoto wake. Shibeni macho."

Poni alijipenyeza kati ya watu, akashika miguu ya mtoto, lakini bibi alikuwa na nguvu ambazo hakuna aliyezijua. Ayikoru alikuwa anacheka huko juu, akidhani ni mchezo. Macho ya uwanja mzima yalikuwa juu yake, hata ya wale waliotaka kuangalia chini.

"Mama," Poni alisema, akapiga magoti. "Mama, naomba. Sema ni mbaya. Mtukane kidogo tu. Nitukane hata mimi."

Ocokoru alimtazama pale chini. Sauti yake ikawa laini, kama anayembembeleza.

"Nikutukane kwa nini, mwanangu?" akasema. "Wewe ni mwema sana."